Jina la Zama na Mwenye Kulitoa: Rika la Talala la Mlima Meru na Zama za Meiji za Japani

Ikisiri

Insha hii inachunguza namna jamii mbili zilizokuwa mbali kabisa zilivyoupa wakati jina katika robo ya mwisho ya karne ya 19. Japani ilikuwa katika zama za Meiji (1868–1912), zilizopewa jina na kasri la mfalme. Kwenye miteremko ya Mlima Meru, Waarusha na Wameru walikuwa katika wakati wa rika la Talala, jina lililotokana na utaratibu wa marika ya jando. Hoja kuu ni kwamba jina la zama si chombo cha kuhesabia miaka tu. Ni tamko kuhusu nani anastahili kuumiliki wakati. Mtafiti anayeligeuza jina la rika kuwa miaka ya kalenda bila kuzingatia tamko hilo hupoteza sehemu ya ushahidi alioupokea, na katika masuala kama ya ardhi upotevu huo huweza kuwa na madhara. Insha inapendekeza jina la rika liandikwe kwanza kama lilivyotamkwa, ndipo mwaka ukadiriwe kwa kulilinganisha na kumbukumbu nyingine.

1.0 Utangulizi

Mtafiti wa historia ya Arusha na Meru hukutana mapema na tatizo la tarehe. Anapomuuliza mzee ni lini babu yake alianza kulima mteremko fulani, mara nyingi hajibiwi kwa mwaka. Hujibiwa kwa jina: wakati wa Talala, wakati wa Twati, wakati wa Terito, wakati wa Nyangusi. Majina haya ni ya marika, yaani makundi ya wanaume waliotahiriwa katika kipindi kimoja na kupanda pamoja kutoka ujana wa morani hadi uzee. Kwa msemaji, jibu hilo limekamilika. Kwa mtafiti ambaye jedwali lake lina safu ya miaka, kazi ndiyo kwanza imeanza.

Kwa muda mrefu jambo hili limetazamwa kama upungufu unaohitaji tiba. H. A. Fosbrooke, aliyekuwa afisa wa serikali ya kikoloni Tanganyika, aliandika mwaka 1956 makala kuhusu matumizi ya marika ya Wamaasai kama mwongozo wa kupanga matukio kwa miaka. P. H. Gulliver, katika kitabu chake cha mwaka 1963 kuhusu Waarusha, alieleza kwa kina namna marika yalivyoendesha mashauri na uongozi. Thomas Spear, mwaka 1997, aliyatumia marika kama uti wa mgongo wa historia ya wakulima wa Mlima Meru. Kazi hizi ni za msingi. Hata hivyo, swali moja halijapewa nafasi ya kutosha katika mjadala: jina la rika lenyewe linasema nini kabla ya kugeuzwa kuwa namba?

Ili kulijibu swali hilo, insha inalinganisha rika la Talala na mfumo mwingine wa kuupa wakati jina, ule wa Japani unaojulikana kama nengo. Japani imechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, zama za Meiji na zama za Talala zilikwenda sambamba kwa zaidi ya miaka 20. Pili, wanahistoria hawaoni haya kuandika "mwaka wa sita wa Meiji" kama tarehe kamili, ilhali "wakati wa Talala" huandikwa kana kwamba ni kukosa tarehe. Tofauti hiyo ya heshima inastahili kuchunguzwa.

2.0 Nengo: Wakati Ulio Mikononi mwa Kasri

Desturi ya nengo haikuzaliwa Japani. Ilitoka China, ambako wafalme wa nasaba ya Han waliipa miaka ya utawala wao majina yenye baraka tangu karne ya pili kabla ya Kristo. Japani iliipokea katika karne ya saba. Jina la kwanza, Taika, linahusishwa na mwaka 645. Tangu hapo hadi Reiwa, zama zilizoanza tarehe 1 Mei 2019, majina zaidi ya 200 yametumika.

Kwa karne nyingi jina halikufungamana na maisha ya mfalme mmoja. Kasri liliweza kulibadilisha kwa sababu ya tetemeko la ardhi, moto, maradhi, au dalili njema iliyoonekana. Mfalme mmoja aliweza kupitia majina kadhaa. Kubadilisha jina kulikuwa namna ya kuufunga mkosi na kuufungua wakati mpya. Vilevile ilikuwa ishara ya mamlaka: katika nchi zilizoizunguka China, kuandika tarehe kwa jina la zama la mfalme fulani kulikuwa kukiri ukuu wake. Japani yenyewe ilipogawanyika kati ya kasri la Kaskazini na la Kusini katika karne ya 14, kila upande ulitoa majina yake, na nchi moja ikawa na hesabu mbili za miaka.

Mabadiliko makubwa yalifanyika mwaka 1868. Baada ya utawala wa masshogun wa ukoo wa Tokugawa kuanguka, ilitangazwa kwamba kuanzia hapo kila mfalme atakuwa na jina moja tu la zama. Jina Meiji, lenye maana ya utawala ulioangazwa, lilitolewa katika maandiko ya kale ya Kichina, na mfalme kijana Mutsuhito alilipata kwa kupiga kura ya bahati mbele ya miungu ya kasri. Tangazo lilitoka Oktoba 1868, lakini mwaka mzima ukahesabiwa kuwa wa kwanza wa Meiji tangu mwanzo wake. Miezi ambayo watu walikuwa wameiishi chini ya jina la Keio ikavikwa jina jipya baada ya kupita. Mutsuhito alipofariki mwaka 1912, yeye mwenyewe akaanza kuitwa Mfalme Meiji. Jina la wakati likawa jina la mtu, na mtu akawa wakati.

Jambo jingine la kuzingatia ni kwamba Japani ilianza kutumia kalenda ya Gregori tarehe 1 Januari 1873, bila kuacha nengo. Miezi na siku zikafuata hesabu ya Ulaya, mwaka ukabaki na jina la mfalme. Hivyo taifa lililokuwa likijenga reli, jeshi na shule za kisasa halikuona ugumba wowote kuishi na hesabu mbili kwa pamoja.

3.0 Rika kama Jina la Wakati Mlimani Meru

Wakazi wa Mlima Meru katika karne ya 19 walikuwa jamii mbili kuu. Wameru, wasemao Kirwa, lugha ya Kibantu iliyo jirani na Kichaga, walikuwa wamekaa kwa vizazi vingi kwenye miteremko ya kusini-mashariki. Waarusha, wasemao Kimaa, waliingia miteremko ya kusini-magharibi mnamo miaka ya 1830 wakitokea Arusha Chini. Waarusha walikuwa wakulima wa migomba, mahindi na maharage, lakini waliendelea kufungamana na Wamaasai wa Kisongo kwa lugha, ndoa, mifugo na zaidi ya yote marika.

Katika utaratibu wa Kimaasai, vijana hutahiriwa kwa awamu mbili, mkono wa kulia na mkono wa kushoto. Kila mkono huwa na majina yake ya muda. Baada ya miaka mingi ya umorani, mikono hiyo miwili huunganishwa katika sherehe ya olng'esherr, na hapo rika zima hupata jina moja la kudumu. Wamaasai wa Kisongo ndio waliotangulia katika sherehe hizi, na Waarusha wakafuata. Rika lililo ngazi mbili juu ya vijana lilikuwa mlezi wao, uhusiano uitwao olpiron, yaani kijiti cha kupekechea moto. Kila rika lilikuwa na msemaji wake, laigwanani, ambaye uwezo wake ulitokana na kusikilizwa na wenzake.

Maelezo haya yana mambo matatu yanayohusu hoja ya insha. Kwanza, jina la wakati halikuwa la mtawala. Waarusha hawakuwa na mfalme. Walikuwa na watu wa umri mmoja waliowajibishana. Aliyesema "wakati wa Talala" hakumtaja mtu mmoja aliyekaa juu ya wengine, bali wanaume wote waliokuwa na mikuki katika miaka ile. Pili, jina lilikuja kwa kuchelewa. Rika lilipitia ujana wake bila jina lake la kudumu, likalipata lilipokuwa likielekea uzeeni. Tatu, jina halikuwa mali ya kijiji kimoja. Lilivuka mipaka ya kilimo na ufugaji, likawaunganisha watu wa mlimani na wa nyikani.

Kwa Wameru hali ilikuwa na sura mbili. Wao walikuwa na mangi wa ukoo wa Kaaya, kwa hiyo walikuwa na njia ya kuhesabu wakati kwa enzi za watawala, njia inayokaribiana na ile ya Japani baada ya mwaka 1868. Lakini, kama Spear anavyoonyesha, vijana wa Kimeru waliingia katika jando la pamoja na Waarusha katika rika la Talala, mnamo mwanzo wa miaka ya 1880. Kabla ya hapo Wameru walikuwa wameteswa na mashambulizi ya majirani zao. Kuingia Talala kulikuwa njia ya kuumaliza uadui: aliyetahiriwa nawe katika wakati mmoja na kwa jina moja hawezi kuwa windo lako. Wameru hawakumkana mangi wao. Walichofanya ni kukubali kwamba, pamoja na enzi ya mangi, kuna wakati mwingine ambao wangeushiriki na Waarusha.

Hapa ulinganisho na Asia ya Mashariki unasaidia. Kule, kupokea jina la zama la jirani kulimaanisha kukubali kuwa chini yake. Mlimani Meru, kupokea jina la rika la jirani kulimaanisha kukubali kuwa sawa naye. Tendo linafanana kwa umbo, ila halifanani kwa maana ya kisiasa.

4.0 Zama za Talala

Matukio ya zama za Talala yalikuwa mazito. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka iliangamiza ng'ombe wa Wamaasai, ndui na njaa vikafuata. Wamaasai wengi waliopoteza mifugo walikimbilia kwa wakulima wa mlimani, na idadi ya watu kwenye miteremko ikaongezeka. Morani wa Talala, Waarusha na Wameru pamoja, walikuwa nguvu ya kijeshi iliyojulikana hadi Kilimanjaro.

Mwezi Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Misheni ya Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa usiku katika eneo la Akeri walipokuwa wamepiga kambi kwa nia ya kuanzisha kituo. Kapteni Kurt Johannes, mkuu wa kituo cha Kijerumani cha Moshi, aliongoza jeshi la kulipiza kisasi. Nyumba zilichomwa, migomba ikakatwa, mifugo ikachukuliwa. Mapambano yaliendelea kwa vipindi hadi mwisho wa karne. Tarehe 2 Machi 1900 viongozi wa Kichaga, Kimeru na Kiarusha walinyongwa Moshi, akiwemo Mangi Meli. Mwaka huohuo Wajerumani walianza kujenga boma la Arusha, jengo ambalo leo ni makumbusho, kwa kazi ya kulazimishwa ya watu waliokuwa wameshindwa vitani. Kituo cha misheni kilirudi Meru mwaka 1902, na kingine kikaanzishwa Ilboru kwa Waarusha mwaka 1904.

Matukio haya yanaweza kusimuliwa chini ya majina mawili. Katika kumbukumbu za boma na misheni, hiki ni kipindi cha kutuliza nchi, na wakati unaanza pale ofisa anapofika. Katika masimulizi ya mlimani, hiki ni kipindi cha Talala, na Wajerumani ni jambo lililotokea ndani yake. Tofauti hiyo ni ya msingi. Katika usemi wa kwanza, Waarusha na Wameru ni watu waliokutwa ndani ya wakati wa wengine. Katika usemi wa pili, mgeni ndiye aliyeingia katika wakati wa wenyeji. Na wenyeji, hata waliposhindwa, hawakumpa jina la wakati wao. Rika lililofuata halikuitwa kwa jina la ofisa wala la mfalme wa Berlin. Liliitwa Twati.

5.0 Matatizo Matatu ya Kuligeuza Rika kuwa Miaka

Jedwali linalotumiwa mara nyingi na wanahistoria huliweka rika la Talala takriban kati ya 1881 na 1905, na Twati takriban kati ya 1896 na 1917. Jedwali hilo lina manufaa, lakini linazaa matatizo matatu ambayo ulinganisho na nengo unayaweka wazi.

Tatizo la kwanza ni kupishana. Meiji iliisha na Taisho ikaanza siku moja, tarehe 30 Julai 1912. Marika hayafanyi hivyo. Jando la Twati lilianza wakati Talala bado walikuwa wanahesabiwa kuwa morani, na kwa miaka kadhaa majina yote mawili yalikuwa hai. Mwaka 1896 wenyewe, mwaka wa mauaji ya Akeri, unaangukia penye kupishana huko. Japani ilipata zama mbili kwa wakati mmoja ilipogawanyika vitani. Mlimani Meru, kuwa na marika mawili kwa wakati mmoja ndiyo hali ya kawaida. Mtafiti anayechora mstari mmoja kati ya Talala na Twati anaweka mpaka ambao watoa habari hawakuujua.

Tatizo la pili ni jina kurudi nyuma. Kwa kuwa rika hupata jina la kudumu kwa kuchelewa, tukio la ujana wake husimuliwa baadaye kwa jina ambalo pengine halikuwa limetolewa tukio lilipotokea. Baadhi ya wachambuzi wangeliona hili kuwa dosari ya masimulizi ya mdomo. Lakini tangazo la Oktoba 1868 lilifanya jambo lilelile kwa maandishi, lilipoivika jina la Meiji miezi iliyokwisha pita. Kulipa jina jambo lililopita ni kazi ya kila jamii inayoandika au kusimulia historia. Kinachotakiwa ni kujua jina lilitolewa lini na na nani, si kulikataa.

Tatizo la tatu ni kujirudia. Katika Japani jina la zama likishatumika halirudiwi. Katika marika ya Kimaasai majina kama Twati na Nyangusi yametumika zaidi ya mara moja. Watafiti huyatofautisha kwa namba, Twati ya Kwanza na Twati ya Pili, lakini mzee anaposimulia haongezi namba. Anayesikia "Twati" bila kuuliza rika gani lilikuwa likiwalea anaweza kukosea kwa miongo mingi. Dawa ya kosa hili imo ndani ya utaratibu wenyewe: jina la rika likitajwa pamoja na rika la walezi wake, nafasi yake katika mfuatano hujulikana.

Uzito wa matatizo haya unaonekana zaidi katika masuala ya ardhi. Chini ya Wajerumani, na baadaye chini ya Waingereza, ardhi iliyouzunguka mlima upande wa chini ilitolewa kwa walowezi, na wenyeji wakabanwa kati ya mashamba hayo na msitu. Mnamo Novemba 1951 serikali ya Tanganyika iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki ili eneo hilo litumiwe na walowezi wa Kizungu. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alifika New York kulieleza Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa madai ya Wameru. Swali lililokuwa chini ya mgogoro huo, nani alikuwa wapi tangu lini, ni swali la tarehe.

Mfano wa kufikirika unaweza kuonyesha hatari iliyopo. Mzee anasema ukoo wake ulichunga ng'ombe mahali fulani "tangu wakati wa Talala". Mtafiti anachukua jedwali, anapata 1881 hadi 1905, na kwa urahisi wa kazi anaandika mwaka wa katikati, 1893. Mwingine, kwa tahadhari, anaandika mwaka wa mwisho, 1905. Mwaka wa kwanza unautangulia utawala wa Kijerumani mlimani. Wa pili unaufuata. Kwa msomaji wa jedwali, mtu yuleyule amekuwa mwenyeji katika maandishi ya mmoja na mvamizi katika maandishi ya mwingine, ingawa maneno yake hayakubadilika. Alichosema mzee ni kwamba ukoo wake ulikuwa pale wakati wenye mlima walikuwa Talala, na usemi huo ni madai ya haki yaliyomo ndani ya tarehe. Namba peke yake haiyabebi madai hayo.

Ni lazima pia kukiri mpaka wa ushahidi wa marika. Majina haya ni ya wanaume. Wanawake wa Mlima Meru, waliolima, waliobeba mizigo ya njaa na ya vita, na ambao mashamba ya migomba yalisimama kwa mikono yao, hawakuwa na marika yao yenye majina ya namna hiyo. Mara nyingi wakati wao hutajwa kupitia rika la waume zao au la wana wao. Nengo ilimhesabia kila raia, mwanamke kwa mwanaume, lakini ilichaguliwa na wachache. Rika lilikuwa la wengi, lakini liliacha nusu ya watu nje ya jina. Hakuna kati ya mifumo hii miwili ulio wa wote kikamilifu.

6.0 Baada ya Uhuru: Azimio na Awamu

Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika huru ilifuta mamlaka ya machifu. Hesabu ya wakati kwa enzi za mangi ikapoteza msingi wake wa kiserikali, ilhali ile ya marika, ambayo haikutegemea kiti cha utawala, iliendelea. Baada ya Nyangusi walikuja Seuri, baada ya Seuri wakaja Makaa.

Miaka minne baadaye mji wa Arusha wenyewe ukawa jina la wakati. Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikutana Arusha tarehe 26 hadi 29 Januari 1967, na Azimio la Arusha likatangazwa tarehe 5 Februari. Tangu hapo Watanzania husema "enzi za Azimio" kumaanisha kipindi cha ujamaa, miiko ya uongozi na njia kuu za uchumi mikononi mwa umma. Jina hilo halikuwa la mtu. Lilikuwa la ahadi, na mahali ilipotolewa.

Hatua iliyofuata ililirudisha jina kwa mtawala. Katika lugha ya kiserikali na ya magazeti, historia ya nchi imegawanywa kwa awamu: ya Kwanza ya Julius Nyerere, ya Pili ya Ali Hassan Mwinyi, ya Tatu ya Benjamin Mkapa, ya Nne ya Jakaya Kikwete, ya Tano ya John Magufuli na ya Sita ya Samia Suluhu Hassan. Mwezi Machi 2021 Rais Magufuli alipofariki na makamu wake kuapishwa, awamu mpya ilihesabiwa mara moja, ingawa muhula uliotokana na uchaguzi wa mwaka 2020 ulikuwa ungali mwanzoni. Mpaka wa wakati ukafuata mtu, wala haukufuata uchaguzi. Bila kukusudia, jamhuri ilikuwa imeikaribia kanuni ya Japani ya mwaka 1868: mtawala mmoja, zama moja.

Tofauti kubwa iliyobaki ni ya kisheria. Japani iliiweka nengo katika sheria mwaka 1979, baada ya miongo mitatu ambayo jina liliendelea kutumika bila msingi wa kisheria. Awamu za Tanzania ni desturi ya usemi. Lakini desturi ya usemi ina nguvu yake, kwani mtoto wa shule anayefundishwa historia ya nchi kwa awamu hujifunza pia, bila kuambiwa, kwamba wakati hubadilika pale anapobadilika rais.

7.0 Hitimisho

Insha hii imeonyesha kwamba zama za Meiji na zama za Talala, ingawa zilikwenda sambamba, zilijibu kwa njia tofauti swali la nani mwenye wakati. Meiji ilitolewa na kasri mwanzoni mwa zama na hatimaye ikawa jina la mfalme. Talala lilikuwa jina la watu wengi wa umri mmoja, lililokuja baada ya ujana wao, na lililowaunganisha Waarusha na Wameru waliokuwa maadui. Mifumo yote miwili ililipa jina jambo lililokwisha pita. Wote wawili uliweza kuishi pamoja na kalenda ya Gregori. Kwa hiyo hakuna sababu ya kitaaluma ya kuuheshimu mmoja kama tarehe na kuudharau mwingine kama kumbukumbu hafifu.

Mapendekezo yanayotokana na hoja hii ni matatu. Kwanza, mtafiti aandike jina la rika kama lilivyotamkwa, pamoja na rika la walezi wake, kabla ya kuandika mwaka wowote. Pili, makadirio ya mwaka yaandikwe kama kipindi chenye mwanzo na mwisho, kupishana kwa marika kukionyeshwa wazi, na yalinganishwe na vitabu vya ubatizo, kumbukumbu za boma na masimulizi ya enzi za mangi. Tatu, pale ambapo jina la wakati limebeba dai, hasa dai la ardhi, dai hilo lichambuliwe kama sehemu ya ushahidi na lisiachwe lipotee ndani ya safu ya namba.

Wazee wanaoweza kusema bila kusita ni rika gani lililifuata jingine hawako wengi, na wanapungua. Kile watakachoulizwa, na namna majibu yao yatakavyoandikwa, ndivyo vitakavyoamua kama vizazi vijavyo vitausoma mwaka 1896 kama mwaka wa kisasi cha Wajerumani peke yake, au pia kama mwaka ambao Talala walikuwa bado na mikuki yao mkononi na Twati wakiingia jandoni nyuma yao.